Kufuta Mafaili kwa Mkupuo Mtandaoni: Yanayopaswa Kufanyika Kabla ya Kubonyeza "Futa"

Katika vikundi vingi vya kuweka na kukopa, katibu hupiga picha ukurasa wa daftari la michango kila kikao kinapomalizika. Mwenye duka hupiga picha risiti za EFD, kwa kuwa karatasi yake hufifia na baada ya miezi kadhaa huwa haisomeki. Mzazi huweka kwenye simu nakala ya cheti cha kuzaliwa cha mtoto, barua ya utambulisho iliyogongwa muhuri wa Ofisi ya Mtendaji wa Mtaa, na kitambulisho cha Taifa. Picha hizo hupanda zenyewe mtandaoni mwenye simu akiwa amelala, na kukaa huko pamoja na video za harusi, picha za salamu za asubuhi na nyimbo zilizotumwa na ndugu. Miaka hupita bila mtu kuzikumbuka. Kisha siku moja simu hutoa ujumbe kwamba nafasi ya kuhifadhi imejaa, na mwenye simu, akiwa na haraka ya kupiga picha nyingine, huchagua kila kilichopo na kukifuta kwa mkupuo.

Hapo ndipo hasara hutokea. Picha iliyodhaniwa kuwa nakala tu mara nyingi ndiyo kumbukumbu pekee iliyobaki, na kile kinachofutwa kwenye simu moja huweza kufutika katika kila kifaa chenye akaunti hiyo. Makala haya yanawaeleza wakazi wa Kata ya Themi jinsi hifadhi ya mtandaoni inavyofanya kazi, na utaratibu unaofaa kufuatwa na mtu, kikundi au biashara inayotaka kupunguza mzigo wa mafaili bila kupoteza yaliyo muhimu.

Kwa nini nafasi hujaa

Akaunti ya kawaida ya Google, ambayo ndiyo inayotumiwa na wengi wenye simu za Android, hutoa nafasi ya GB 15 bila malipo. Nafasi hiyo ni moja tu, nayo hugawanywa kati ya barua pepe za Gmail, mafaili ya Hifadhi ya Google na picha. Hadi katikati ya mwaka 2021, picha zilizopunguzwa ukubwa zilihifadhiwa bila kuhesabiwa. Tangu tarehe 1 Juni 2021 kila picha mpya huhesabiwa. Kuanzia mwaka 2024, nakala rudufu za mazungumzo ya WhatsApp katika simu za Android nazo zimeingizwa katika hesabu hiyo hiyo. Mtumiaji ambaye miaka sita iliyopita hakuwahi kuona onyo lolote hulikuta sasa, ingawa hajabadilisha mazoea yake. Kampuni ya Apple hutoa GB 5 kupitia iCloud, na Microsoft hutoa GB 5 kupitia OneDrive.

Nafasi ikijaa, madhara hayaishii kwenye picha. Gmail huacha kupokea barua mpya, na aliyetuma hurudishiwa barua yake. Kijana anayesubiri taarifa ya Bodi ya Mikopo ya Wanafunzi wa Elimu ya Juu au wito wa usaili kutoka Sekretarieti ya Ajira anaweza kukosa barua hiyo kwa sababu tu kikasha chake kimejaa video. Aidha, akaunti inayokaa juu ya kiwango kwa miaka miwili inaweza kufutiwa yaliyomo na kampuni yenyewe. Kwa hiyo kufuta ni jambo la lazima. Swali ni nini kifutwe, na kwa mpangilio gani.

Jambo linalopotosha wengi

Watu wengi huichukulia hifadhi ya mtandaoni kama sanduku la pili: vitu vipo kwenye simu, na vingine kama hivyo vipo "kule juu". Kwa hiyo huona kwamba wakifuta vya kwenye simu, vya kule vitabaki. Ukweli ni kwamba huduma nyingi za aina hii hufanya kazi kama kioo. Programu ya picha ya Google inapofuta picha iliyokwisha kupandishwa, huiondoa kwenye simu, kwenye akaunti na kwenye kifaa kingine chochote kilichounganishwa na akaunti hiyo. Kompyuta yenye OneDrive hufanya vivyo hivyo, na katika kompyuta nyingi mpya za Windows hata folda ya nyaraka na ile ya mezani huwa zimeunganishwa bila mwenyewe kukumbuka kwamba aliruhusu.

Ndani ya programu hiyo ya picha kuna kipengele tofauti cha kuongeza nafasi kwenye simu. Hicho huondoa kwenye simu zile picha tu ambazo zimethibitishwa kuwa zimefika mtandaoni, na huziacha kule zilipo. Tofauti kati ya vipengele hivi viwili ni ndogo kwa macho, lakini kimoja hupunguza mzigo wa simu na kingine huangamiza kumbukumbu. Anayesumbuliwa na simu iliyojaa anahitaji kile cha kwanza. Anayesumbuliwa na akaunti iliyojaa ndiye anayehitaji kufuta.

Kosa hilo huonekana zaidi simu inapouzwa. Muuzaji, kwa nia njema ya kutomwachia mnunuzi picha za familia, hukaa na kufuta picha moja baada ya nyingine huku akaunti yake ikiwa bado imefunguliwa na bando likiwa limewashwa. Akinunua simu mpya na kuingia kwenye akaunti yake, hukuta patupu. Utaratibu sahihi ni kuhakikisha kwanza kwamba picha zimepanda zote, kisha kuiondoa akaunti kwenye simu, na mwisho kuirudisha simu katika hali ya kiwandani. Hatua hiyo ya mwisho husafisha simu bila kugusa kilichopo mtandaoni.

Nakala rudufu ya WhatsApp nayo ina tabia yake. Haionekani kama mafaili ya kawaida, na kila nakala mpya huchukua mahali pa ile ya zamani. Mtu akifuta mazungumzo mchana, na usiku simu ikatengeneza nakala mpya, ile iliyokuwa na mazungumzo hayo haipo tena. Kwa wengi, njia nyepesi ya kupunguza mzigo huu ni kuzuia video zisiingizwe kwenye nakala hiyo, badala ya kuifuta yote.

Kuanza na mazito

Kazi ya kufuta kwa wingi hufaa kufanyika kwenye kompyuta, kwa kuwa kioo cha simu ni kidogo na kidole huteleza. Katika Hifadhi ya Google upo ukurasa unaopanga mafaili kuanzia kubwa kuliko yote. Katika Gmail, mtumiaji akiandika kwenye kisanduku cha kutafutia maneno larger:10M, huletewa barua zenye uzito wa zaidi ya MB 10, na akiandika older_than:5y huletewa zilizozidi miaka mitano. Alama ya kuchagua yote huchukua mazungumzo 50 yanayoonekana kwenye ukurasa, kisha huonekana maandishi yanayomruhusu mtumiaji kuchagua yote yanayolingana na utafutaji wake, hata yakiwa maelfu. Maandishi hayo ndiyo ya kuogopwa. Barua nzito za zamani ni pamoja na matangazo na video, lakini pia ni pamoja na hati ya kiwanja iliyoskaniwa na kutumwa na wakili miaka saba iliyopita.

Ni vyema kufahamu kwamba wingi na uzito ni mambo mawili. Picha za salamu za asubuhi huudhi kwa wingi wake, ila video moja ya dakika chache inaweza kuchukua nafasi kubwa kuliko mamia ya picha hizo. Mtu akitenga saa moja ya kupitia video zake ndefu, mara nyingi hupata nafasi ya kutosha bila kugusa karatasi yoyote iliyopigwa picha. Picha za nyaraka ni nyepesi. Kuzifuta ili kuokoa nafasi ni kutoa sadaka kitu cha thamani kwa faida ndogo sana.

Tupio na siku zake

Kilichofutwa hakiondoki papo hapo. Huingia kwenye Tupio, na hukaa humo kwa muda maalumu: siku 30 kwa Hifadhi ya Google na Gmail, siku 60 kwa picha zilizokuwa zimepandishwa kwenye Google, siku 30 kwa OneDrive ya mtu binafsi, na siku 30 kwa mafaili ya iCloud. Muda huo ukiisha, huduma hufuta moja kwa moja. Ofisi, shule au kampuni inayotumia akaunti za kulipia za Google ina nyongeza ndogo: msimamizi wa akaunti anaweza kurejesha mafaili ya Hifadhi ndani ya siku 25 baada ya Tupio kumwagwa. Mtu binafsi hana msimamizi wa kumkimbilia.

Upo mtego hapa. Mafaili yaliyo kwenye Tupio la Hifadhi na Gmail huendelea kuhesabiwa katika ile GB 15. Mtu hufuta GB 4, huona kipimo hakijashuka, hudhani hakufuta ipasavyo, na kwa hasira humwaga Tupio lote siku hiyo hiyo. Kwa kufanya hivyo huwa ameitupa nafasi pekee ya kujirekebisha. Pale ambapo hali inaruhusu, Tupio liachwe lijimwage lenyewe. Pale ambapo barua pepe imekwama na haiwezi kusubiri, zimwagwe zile video tu zilizokaguliwa moja moja, na vingine vibaki humo hadi siku zake zitimie.

Mafaili ya kikundi ni ya nani

Suala gumu kuliko yote ni la mafaili yanayotumiwa na watu wengi. Kamati ya shule, kikundi cha wanawake wajasiriamali au chama cha kufa na kuzikana huweza kuwa na folda moja mtandaoni yenye katiba, orodha ya wanachama, mihtasari ya vikao na picha za daftari. Wanachama wote huiona folda hiyo na hudhani ni mali ya kikundi. Kwa mujibu wa mfumo, hata hivyo, kila faili lina mwenye nalo mmoja, naye ni akaunti iliyolitengeneza au kulipandisha. Mwenye faili akilifuta na muda wa Tupio ukapita, linatoweka kwa wote. Mwanachama asiye mwenye faili akiliondoa kwenye folda, faili hilo halifutiki, bali hubaki kwenye akaunti ya mwenyewe, ingawa wenzake wanaweza kuhangaika kulitafuta.

Katibu wa zamani akiamua kusafisha akaunti yake binafsi, huenda akafuta historia ya kikundi bila ubaya wowote moyoni. Kikundi kinachoomba mkopo wa Halmashauri unaotolewa kwa wanawake, vijana na watu wenye ulemavu hutakiwa kuonyesha katiba, mihtasari na orodha ya wanachama, na siku hiyo si siku ya kugundua kwamba folda ni tupu. Kinga yake ni rahisi: umiliki wa mafaili huhamishwa kwa katibu mpya wakati wa makabidhiano, na akaunti inayopokea hutakiwa kukubali. Jambo hilo liandikwe kwenye muhtasari wa kikao kama linavyoandikwa suala la kukabidhi mhuri na kitabu cha benki.

Linalofanana na hilo ni suala la akaunti zilizofunguliwa steshenari. Wakazi wengi hufunguliwa barua pepe na wahudumu wa steshenari wanapojaza maombi ya chuo, leseni ya biashara au ajira. Mara nyingine namba ya simu iliyowekwa kwa ajili ya kurejesha nenosiri huwa ni ya mhudumu, au ni laini ambayo mteja aliiacha zamani. Laini isiyotumika kwa muda mrefu hufungwa, na namba yake inaweza kupewa mtu mwingine. Vilevile, akaunti ikiachwa wazi kwenye kompyuta ya umma, mteja anayefuata anaweza kufuta vitu akidhani anasafisha kompyuta. Kabla ya kufikiria kufuta chochote, mwenye akaunti athibitishe kwamba namba ya kurejesha nenosiri ni yake, kisha aiondoe akaunti kwenye vifaa vyote asivyovitambua.

Nakala nje ya akaunti

Tarehe za mwanzoni mwa Mei 2024, mfuko wa pensheni wa Australia uitwao UniSuper, wenye wanachama zaidi ya 600,000, ulijikuta mifumo yake iliyohifadhiwa kwenye huduma ya wingu ya Google imefutwa. Chanzo kilikuwa kosa la upangaji lililofanywa na mtoa huduma. Mfuko huo ulikuwa na nakala katika maeneo mawili ya kijiografia, lakini zote zilikuwa chini ya usajili mmoja, na usajili ulipofutika zilifutika zote mbili. Miongoni mwa vilivyouokoa ni nakala iliyokuwa kwa mtoa huduma mwingine kabisa. Huko Japani, mwezi Desemba 2021, programu iliyotakiwa kusafisha mafaili ya zamani katika kompyuta kuu ya Chuo Kikuu cha Kyoto ilifuta kimakosa mafaili yapatayo milioni 34, yenye jumla ya terabaiti 77 hivi za kazi za watafiti. Kama taasisi zenye wataalamu wa kutosha zimefikwa na haya, mwenye simu moja hana sababu ya kuamini kwamba kuwa na picha zilezile kwenye simu na kwenye akaunti ileile ni kuwa na nakala mbili.

Nakala ya kweli ni ile iliyo nje ya akaunti: kwenye kompyuta, diski ya nje, flashi, au akaunti ya huduma nyingine. Google ina huduma ya Takeout, ambayo hukusanya yaliyomo kwenye akaunti na kuyatoa katika mafurushi ya kupakua. GB 15 si kidogo kwa bando la simu, kwa hiyo inafaa kutumia mtandao usiotozwa kwa kiasi, au kupakua folda muhimu pekee. Kazi hii isifanywe wakati mtandao unasuasua. Mei 2024 nyaya za baharini za EASSy na Seacom zilipopata hitilafu, intaneti nchini na katika nchi jirani ilizorota. Faili lililopakuliwa nusu huonekana kwa jina lake kamili, lakini halifunguki.

Flashi nazo zinahitaji uangalifu. Zipo zinazouzwa kwa bei ya kushangaza zikiwa zimeandikwa uwezo mkubwa ambao kwa kweli hazina. Hupokea mafaili bila kulalamika, lakini yanayozidi uwezo wake halisi huharibika. Njia ya kuijaribu ni kufungua mafaili kadhaa, hususan yaliyoingizwa mwisho, kwenye kompyuta nyingine. Likifunguka la kwanza peke yake, hilo si uthibitisho.

Sheria inavyosema

Uhuru wa kufuta una mipaka kwa baadhi ya watu. Sheria ya Usimamizi wa Kodi ya mwaka 2015 humtaka mlipakodi kutunza kumbukumbu za biashara kwa miaka mitano. Mfanyabiashara anayetegemea picha za risiti asiziguse kabla ya muda huo. Nyaraka za ofisi ya umma, ikiwemo zile zilizotumwa kwa barua pepe au WhatsApp kwa shughuli za mtaa au kata, ziko chini ya Sheria ya Kumbukumbu na Nyaraka za Taifa ya mwaka 2002, na haziharibiwi kwa uamuzi wa mtumishi mmoja anayetafuta nafasi kwenye simu.

Upande wa pili, zipo taarifa ambazo kuendelea kuzitunza ndilo kosa. Nyumba za wageni, kampuni za utalii, shule na waajiri hukusanya nakala za pasipoti, vitambulisho na vyeti vya watu. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, iliyoanza kutumika tarehe 1 Mei 2023 na kusimamiwa na Tume ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi, hairuhusu taarifa hizo kutunzwa kupita muda unaohitajika kwa lengo lililokusudiwa. Pasipoti ya mgeni aliyepanda Mlima Meru miaka mingi iliyopita haina kazi tena kwenye simu ya aliyempokea. Hapo kufuta ni wajibu, na Tupio nalo limwagwe.

Endapo kosa limekwisha kutokea

Aliyefuta kimakosa azime bando na Wi-Fi kwenye simu hiyo mara moja, kisha atumie kifaa kingine kuingia kwenye akaunti na kufungua Tupio la huduma husika. Picha, Hifadhi na Gmail kila moja ina Tupio lake, na wengi hukata tamaa baada ya kutazama moja tu. Vifaa vingine vyenye akaunti hiyo ambavyo vilikuwa vimezimwa visiwashwe intaneti kabla ya kuangaliwa, kwa kuwa huenda bado vina mafaili. Ikiwa yaliyofutwa ni ya kikundi, wanachama waarifiwe siku hiyo hiyo ili kila mmoja akague simu yake, kwani picha ya daftari iliyotumwa kwenye kundi la WhatsApp huweza kuwa imebaki kwa mtu mmoja asiyefuta kitu.

Cheti cha kuzaliwa kilichopotea huombwa upya RITA, na kitambulisho cha Taifa huombwa NIDA. Mihtasari na kurasa za michango haziombwi popote. Kikundi kilichopoteza hizo kinalazimika kukaa kikao, kulinganisha stakabadhi zilizobaki kwa wanachama na taarifa ya benki au ya miamala ya simu, kuandika upya hesabu, na kuzisaini mbele ya wanachama wote kabla ya mkopo au gawio lolote kujadiliwa.